"Mawazo" ni Neno Moja, Mambo Mengi: Somo la Abhidhamma kwa Wahudumu na Wagonjwa wa Nyanda za Juu Kusini

Mama mmoja mjane kutoka kijiji cha Mufindi ameketi mbele ya muuguzi katika kliniki ya tiba na matunzo. Ni asubuhi ya kipupwe, ukungu umefunika mashamba ya chai, naye amejitanda kitenge juu ya sweta. Kichwa chamgonga, mwili wamuwaka moto, usingizi humtoka saa nane za usiku wala haurudi. Mwezi huu ameacha kumeza dawa zake za kufubaza VVU siku kadhaa. Muuguzi anapomuuliza kulikoni, mama anajibu kwa ufupi: "Nina mawazo, mwanangu." Muuguzi, mwenye foleni ndefu mlangoni, anamjibu kwa wema: "Acha mawazo, mama. Mwachie Mungu." Anampa dawa ya maumivu na kumwandikia tarehe ya kurudi. Mama anashukuru, anaondoka, na mawazo yake anaondoka nayo.

Mama huyu tumembuni kwa ajili ya somo hili, lakini hakuna mhudumu wa Mbeya, Iringa au Njombe asiyemfahamu. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya UKIMWI wa mwaka 2022–2023 ulionyesha kwamba miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea, maambukizi ya VVU ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, ilhali wastani wa taifa ni asilimia 4.4. Kwa hiyo katika mikoa hii kliniki ya tiba na matunzo ndipo mahali ambapo watu wengi hukutana na mhudumu wa afya mwezi baada ya mwezi, na ndipo wanapolitamka neno "mawazo". Likipokewa vibaya, kinachopotea ni usingizi, dozi za dawa, na pengine uhai.

Somo hili lina dai moja. Neno "mawazo" ni mlango wa mazungumzo, wala si utambuzi wa ugonjwa. Nyuma ya mlango huo mna mambo mbalimbali, na kila moja lina swali lake na msaada wake. Ili kujifunza kuyatenganisha, tutaazima chombo kutoka mbali: maandiko ya Kibuddha yaitwayo Abhidhamma, ambayo ni miongoni mwa juhudi za kale kabisa za kuorodhesha na kupanga matukio ya nafsi ya mwanadamu. Baada ya kulisoma, msomaji aweze kueleza jinsi maandiko hayo yanavyoyapanga matukio ya nafsi, kutenganisha angalau mambo manne yanayofichwa na neno "mawazo", kumuuliza mgonjwa maswali yanayofungua neno hilo, na kutambua dalili zinazodai rufaa bila kukawia.

Maandiko yenyewe

Maandiko matakatifu ya Wabuddha wa mapokeo ya Theravada, yaani wale wa Sri Lanka, Myanmar na Thailand, yameandikwa kwa lugha ya Kipali na kugawanywa katika sehemu tatu ziitwazo "vikapu". Kikapu cha kwanza ni cha kanuni za watawa, cha pili ni cha mahubiri, na cha tatu ni Abhidhamma, chenye vitabu 7. Kitabu cha kwanza kati ya hivyo, Dhammasangani, huanza kwa kuuliza ni mambo gani yanayokuwapo nafsini wakati hali fulani ya fahamu inapotokea, kisha huyahesabu moja moja. Maandiko haya yalihifadhiwa kwa kukaririwa kwa vizazi vingi kabla ya kuandikwa huko Sri Lanka katika karne ya 1 kabla ya Kristo. Karne nyingi baadaye, mwanazuoni Anuruddha aliufupisha mfumo wote katika kijitabu ambacho hata leo ndicho kitabu cha kwanza cha wanafunzi wa somo hili.

Kwa Mtanzania, maandiko haya si ya mbali kama yanavyodhaniwa. Mwanzoni mwa karne ya 20, Wasinhala waliotoka Sri Lanka, wakati huo ikiitwa Ceylon, walianzisha hekalu lao Upanga, Dar es Salaam. Hekalu hilo lipo hadi leo, na uani mwake umesimama mti mtakatifu wa Wabuddha, ambao kwa ukoo ni ndugu wa mikuyu yetu. Hata hivyo, lengo letu si kumwita msomaji katika dini hiyo. Mkristo wa Tukuyu na Mwislamu wa Iringa mjini wanaweza kuazima jembe la jirani wasihame shamba lao.

Hamsini na mbili

Abhidhamma hutofautisha fahamu yenyewe, iitwayo chita, na mambo yanayoandamana nayo, yaitwayo chetasika. Fahamu ni ule ujuzi mtupu kwamba kitu kipo: sauti, sura, harufu, kumbukumbu. Viandamizi vyake ndivyo vinavyoipa rangi na uelekeo. Mapokeo ya Theravada huhesabu aina 89 za fahamu, ambazo kwa hesabu pana zaidi huwa 121, na viandamizi 52.

Viandamizi hivyo 52 hupangwa katika makundi matatu. Kundi la kwanza lina 13 ambavyo havina wema wala ubaya kwa asili yake. Saba kati ya hivyo huwapo katika kila tukio la fahamu: mguso wa nafsi na kitu, hisia, utambuzi, kusudio, utulivu juu ya jambo moja, nguvu ya uhai, na uzingativu. Sita vilivyobaki huja na kuondoka: kulielekea wazo, kulishikilia wazo, uamuzi, juhudi, furaha na hamu ya kutenda. Kundi la pili lina 14 vinavyoitia nafsi giza: upumbazo, kutoona haya, kutojali matokeo ya uovu, mahangaiko, tamaa, mtazamo potofu, majivuno, chuki, husuda, uchoyo, majuto, ulegevu wa fahamu, uzito wa nafsi na shaka. Kundi la tatu lina 25 vinavyoing'arisha, kama imani, ukumbusho makini, huruma na hekima.

Mtu ataweza kuuliza: je, inawezekana kweli kuyatenganisha mambo yanayotokea kwa pamoja kama kufumba na kufumbua? Swali hilo ni la zamani. Katika kitabu cha mazungumzo kati ya mtawa Nagasena na mfalme Milinda, ambaye ni Menander, mtawala wa Kigiriki wa karne ya 2 kabla ya Kristo, mtawa anatoa mfano wa mchuzi. Viungo vikishachanganyika hakuna awezaye kuutoa uchachu peke yake au chumvi peke yake na kuiweka kando, lakini ulimi hujua kwamba chumvi imo na uchachu umo. Mpishi hodari huonja akajua kilichozidi. Hivyo ndivyo anavyotakiwa kufanya mhudumu anayemsikiliza mgonjwa: kuonja maneno yake hadi ajue kilichozidi.

Ni vema pia kukumbuka kwamba orodha hii si msahafu wa kisayansi. Wabuddha wenyewe hawakukubaliana juu ya idadi: baadhi ya shule za India zilihesabu viandamizi 46, nyingine 51. Hata sisi katika tiba tumebadilisha orodha zetu mara nyingi, na ile ya kimataifa ya magonjwa tunayoitumia sasa, toleo la 11, ilianza kutumika rasmi Januari 2022. Orodha ni chombo cha kazi, na hupimwa kwa kazi inayofanya.

Mambo manne nyuma ya neno moja

Sasa turudi kwa mama wa Mufindi. Anaposema "nina mawazo", Abhidhamma ingetufundisha kutafuta angalau mambo manne.

La kwanza ni wazo linalogonga na wazo linalozunguka. Maandiko huvitenga viandamizi viwili: kimoja huipeleka nafsi kwenye jambo, kingine huishikilia hapo. Wafafanuzi walitumia mfano wa kengele. Kuigonga ni tukio moja, mwangwi wake unaoendelea ni tukio jingine. Hakuna awezaye kuzuia kengele ya kumbukumbu isigongwe, kwani sura ya marehemu hujia yenyewe. Lakini muda ambao mwangwi utaendelea hutegemea mambo mengine, na hapo ndipo msaada unapoweza kuingia. Kumwambia mgonjwa "acha mawazo" ni kumtaka azuie kengele. Kumfundisha kuutambua mwangwi ni jambo analoliweza.

La pili ni hisia. Abhidhamma huzigawa hisia katika tano: raha ya mwili, maumivu ya mwili, furaha ya nafsi, huzuni ya nafsi, na hali isiyo raha wala karaha. Kwa mhudumu, mgawanyo huu una thamani kubwa, kwa sababu wagonjwa wetu wengi huleta huzuni ya nafsi wakiwa wameivika vazi la maumivu ya mwili: kichwa, kifua, mgongo, mwili kuwaka. Yote mawili ni ya kweli. Kosa ni kulitibu moja na kulisahau jingine, kwa upande wowote. Kichwa kinachogonga chaweza kuwa cha shinikizo la damu, na huzuni yaweza kuwapo papo hapo.

La tatu ni majuto, na mahangaiko yanayofanana nayo. Katika lugha ya kila siku tunaviita vyote "wasiwasi", lakini maandiko hayavichanganyi. Mahangaiko ni kule kutotulia kwa nafsi, kama majivu yanayotimka yakirushiwa jiwe. Majuto yana kitu maalumu: jambo baya lililotendwa, au jema lililoachwa bila kutendwa. Tena mfumo huu unasema jambo la kushangaza. Majuto hayatokei ila katika fahamu yenye mzizi wa chuki, nyumba moja na hasira. Ukiyachunguza majuto kwa makini, utaikuta hasira ndani yake, na mara nyingi hasira hiyo imeelekezwa kwa mwenyewe. Mhudumu anayejua hivyo hatashangaa mgonjwa mpole anapoanza kusema maneno makali juu ya nafsi yake.

La nne ni ulegevu wa fahamu na uzito wa nafsi. Mgonjwa haoni sababu ya kuamka, kufua, kwenda shamba wala kufungua chupa ya dawa. Jamaa huuita uvivu. Abhidhamma huuhesabu kuwa tukio linalomjia mtu, lenye sababu zake, na linaloweza kuondoka. Sisi katika tiba tunaongeza: laweza kuwa dalili ya sonona, upungufu wa damu, kifua kikuu, au tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa.

Mshale wa pili

Katika kikapu cha mahubiri mna mfano ambao wagonjwa huuelewa upesi. Mtu amechomwa mshale. Kisha, mahali pale pale, anachomwa mshale wa pili. Wa kwanza ni maumivu yenyewe: ugonjwa, msiba, njaa. Wa pili ni yale ambayo nafsi inayaongeza juu yake: "kwa nini mimi", "ningalifanya hivi", "watu watasemaje".

Mfano huu hutumiwa vibaya pale mhudumu anapomwambia maskini kwamba taabu zake zote ni mshale wa pili. Si kweli. Kukosa nauli ya kwenda hospitali ni mshale wa kwanza, na dawa yake ni nauli. Lakini pale mishale yote miwili ipo, kujua upi ni upi humpa mgonjwa nafasi ya kupumua.

Yaliyojulikana Nyanda za Juu

Isidhaniwe kwamba kuyapanga matukio ya nafsi ni elimu iliyotoka Asia na Ulaya pekee. Watu wa milima hii walikuwa na mipango yao, na baadhi yake imeandikwa.

Mwaka 1966, mwanaanthropolojia Mmarekani Robert Edgerton alichapisha utafiti juu ya namna jamii nne za Afrika Mashariki zinavyouelewa wazimu: Wahehe wa Iringa, Wakamba na Wapokoti wa Kenya, na Wasebei wa Uganda. Alikuta kwamba jamii hizo zilikubaliana kwa kiasi kikubwa juu ya tabia zinazomtambulisha mwenye wazimu. Zilitofautiana juu ya chanzo. Wapokoti na Wasebei walielekea kutaja sababu za kimaumbile, kama mdudu aliye kichwani, ilhali Wahehe na Wakamba walielekea zaidi kwenye uchawi. Funzo kwa mhudumu ni hili: mgonjwa na familia yake watakubaliana nawe juu ya dalili muda mrefu kabla ya kukubaliana juu ya chanzo. Anza na dalili.

Upande wa Mbeya, Monica Wilson na mumewe Godfrey waliishi miongoni mwa Wanyakyusa wa Rungwe katika miaka ya 1930. Katika maandishi ya Monica Wilson tunasoma kwamba Wanyakyusa waliamini hasira inayofichwa moyoni huleta maradhi, na kwamba kabla ya ibada ndugu walitakiwa kuyatamka magomvi yao waziwazi. Alieleza pia kwamba desturi za msiba zilihesabiwa kuwa kinga ya wazimu: aliyefiwa alipaswa kutengana na marehemu kwa utaratibu, asije akapotewa na akili. Hatulazimiki kukubali maelezo hayo ya chanzo ili kuona hekima iliyomo. Jamii hiyo ilijua kwamba hasira isiyosemwa na huzuni isiyopewa njia humdhuru mtu. Abhidhamma, iliyotungwa maelfu ya kilomita kutoka Rungwe, iliviweka huzuni, hasira na majuto katika nyumba moja.

Mawazo yaliyofunguliwa

Mama wa Mufindi amerudi. Safari hii muuguzi amejipa dakika kumi.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu."

"Mara ile uliniambia una mawazo. Leo naomba tuyafungue, moja moja. Huja saa ngapi?"

"Usiku, jogoo wa kwanza hajawika."

"Kinachotangulia ni nini? Sauti, sura, au neno?"

"Sura ya binti yangu."

"Ikija, mwili unafanyaje?"

"Moyo unadunda, kifua kinabana. Kichwa huanza baadaye."

"Unayaona yaliyopita, au unaogopa yajayo?"

"Yaliyopita. Homa ilimwanza Jumatatu, mimi nikampeleka hospitali Alhamisi. Nilikuwa nasubiri malipo ya chai."

"Pole sana, mama. Ukikumbuka hivyo, hasira unayo? Kwa nani?"

Mama ananyamaza, anakunja ncha ya kitenge. "Kwangu mwenyewe."

"Na dawa zako?"

"Nikiitazama ile chupa nasema, mimi nameza ili iwe nini, na mwenye umri wa kuishi ameshakwenda?"

"Imewahi kukujia fikra ya kutamani usiamke, au ya kujidhuru?"

"Ya kutoamka, ndiyo. Ya kujidhuru, hapana."

Tazama kilichotokea. Neno moja limefunguka likawa kengele (sura ya binti), mwangwi (saa za usiku), maumivu ya mwili, huzuni ya nafsi, majuto, hasira kwa nafsi, na uzito wa kutomeza dawa. Sababu ya kuacha dawa, ambayo mara ya kwanza ingeandikwa "uzembe", sasa imejulikana. Na swali la kujidhuru limeulizwa waziwazi. Kuuliza hakumpandikizii mtu fikra hiyo, bali humpa ruhusa ya kuisema.

Muuguzi hakumaliza kazi kwa mazungumzo. Alitumia dodoso la PHQ-9, lenye maswali 9 juu ya wiki mbili zilizopita na alama kuanzia 0 hadi 27. Kwa kawaida, alama 10 na zaidi hudai tathmini kamili. Alimwita tabibu ampime mama damu na shinikizo, na kuangalia kama dawa anazotumia zina mchango, kwani baadhi ya dawa za kufubaza VVU huweza kuleta kukosa usingizi au ndoto za kutisha. Aliomba ruhusa ya kuzungumza na dada yake mama. Akampa miadi ya wiki moja badala ya mwezi.

Maswali ya muuguzi yule yanaweza kukumbukwa kwa mpangilio huu:

1. Huja lini, na hutanguliwa na nini?
2. Mwili hufanyaje yanapokuja?
3. Ni ya yaliyopita, ya sasa, au ya yajayo?
4. Yana huzuni, hofu, hasira au majuto? Hasira ni kwa nani?
5. Yamekuzuia kufanya nini: kulala, kula, kulima, kumeza dawa?
6. Je, umewahi kutamani kufa au kujidhuru?

Kwa wewe uliye mgonjwa

Ukienda kliniki, usiishie kwenye neno "mawazo". Jaribu kusema: "Usiku napata kumbukumbu fulani, kifua kinabana, siwezi kulala tena." Maelezo hayo humsaidia mhudumu kuliko neno moja.

Nyumbani, unaweza kujizoeza jambo dogo. Keti, miguu ikikanyaga chini, uihisi pumzi inavyoingia na kutoka. Wazo likija, lipe jina lake kimoyomoyo: "kumbukumbu", "majuto", "hofu", "hasira". Usiseme "mimi ni mbaya". Sema "majuto yamekuja". Kisha rudi kwenye pumzi. Dakika tano zatosha. Lugha yetu yenyewe yatufundisha hivyo, maana twasema hasira "zimenipanda" na usingizi "umenijia", kana kwamba ni wageni. Mgeni huja, na mgeni huondoka.

Zoezi la namna hii limeingia katika tiba ya kisasa. Mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alianzisha katika chuo kikuu cha tiba cha Massachusetts, Marekani, programu ya uzingativu kwa wagonjwa wenye maumivu sugu na msongo, akiwa amejifunza kwa walimu wa Kibuddha. Baadaye Segal, Williams na Teasdale waliunganisha uzingativu na tiba ya fikra ili kuzuia sonona isirudi kwa watu waliokwisha kupona. Na karibu nasi zaidi, nchini Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 huduma ya "benchi la urafiki", ambapo bibi waliofunzwa huwasikiliza watu wenye kile Washona wanachokiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Huduma hiyo haikuanzia kwenye maandiko ya Kibuddha, lakini ilianza pale pale tulipoanza sisi: kwa kulichukulia neno la mgonjwa kwa uzito, kisha kulifungua.

Tahadhari nne

Kwanza, Abhidhamma ni elimu ya maadili na ukombozi wa kidini. Inapokiita kiandamizi "kisicho chema", haitoi utambuzi wa kitabibu. Sonona si dhambi wala udhaifu wa imani. Mhudumu asimfanye mgonjwa aone uzito wa nafsi yake kuwa kosa jingine la kujutia, kwani huo ungekuwa mshale wa tatu.

Pili, zoezi la pumzi si mbadala wa dawa. Asiachishwe mtu dawa za sonona, za kifafa, za wazimu au za kufubaza VVU kwa sababu anajua kuketi kimya.

Tatu, mwenye kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, aliyechanganyikiwa, au aliyepitia ukatili mkubwa, asiagizwe kuketi peke yake na mawazo yake. Wengine huzidiwa. Apelekwe kwa mtaalamu.

Nne, pombe si dawa ya mwangwi. Ulanzi huleta usingizi wa kwanza na kuuvuruga wa pili, na dozi ya dawa husahaulika palepale.

Dalili hizi hudai rufaa siku hiyo hiyo: mpango wa kujiua au kumdhuru mwingine, kukataa kula na kunywa, kuchanganyikiwa kwa ghafla, na homa iambatanayo na mabadiliko ya akili, ambayo yaweza kuwa malaria kali au maambukizi ya ubongo. Mgonjwa asiachwe peke yake, na vitu vya hatari, sumu za shambani zikiwamo, viondolewe karibu naye. Njia ya rufaa huanzia zahanati na kituo cha afya hadi hospitali ya wilaya na ya mkoa, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na inapobidi Mirembe, Dodoma.

Hitimisho

Watawa walioihesabu nafsi hadi ikafika 52 walitaka kumsaidia mtu aone kwamba lile linalomlemea kama mlima mmoja ni mawe mengi, na jiwe moja laweza kuinuliwa. Muuguzi wa kliniki ya Mufindi hahitaji kuzikariri hamsini na mbili. Anahitaji kutoridhika na neno la kwanza. Mama hakupona siku ile. Ila alipotoka alikuwa na miadi ya karibu, dada anayejua hali yake, na jina la kile kinachomwamsha usiku.

Maswali ya kujipima

1. Taja hisia tano za Abhidhamma, na ueleze kwa nini kutenganisha maumivu ya mwili na huzuni ya nafsi kuna faida katika kliniki yako.
2. Kuna tofauti gani kati ya mahangaiko na majuto? Toa mfano wa kila moja kutoka kwa wagonjwa unaowahudumia, bila kutaja majina.
3. Mgonjwa anasema, "Nimerogwa, ndiyo maana silali." Utaanzaje mazungumzo bila kubishana naye juu ya chanzo?
4. Ni katika hali zipi hutamshauri mgonjwa zoezi la pumzi?